Nguzo au paneli? Kupanga chaguo za umeme kwa nyumba ya kijijini, Nyanda za Juu Kusini

Mtu akishapaua, swali la kwanza ni lile lile: kati ya sola na umeme wa gridi wa TANESCO, shirika la umeme la taifa, ipi nafuu? Mimi ningeanza na maswali mengine mawili. Nguzo ya karibu iko mita ngapi kutoka ukutani kwako? Na je, unataka kuchemsha au kuzungusha mota, au unataka taa, simu na runinga tu? Bei inakuja baada ya hapo, na mara nyingi majibu ya maswali hayo mawili yanakuwa yameshamaliza mjadala.

Hapa chini nimepanga chaguo tano, kuanzia ninayoipendekeza zaidi. Nimeifikiria nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu au vinne kuanzia Iringa, Njombe na Mbeya hadi Songwe, si hoteli wala kiwanda cha mbao.

1. TANESCO, na taa ya sola pembeni

Kama nguzo ipo ndani ya mita 30, usihangaike. Nyumba iliyo ndani ya umbali huo haihitaji nguzo ya ziada, na ada ya kuunganishwa vijijini kwa umeme wa njia moja, ule wa kawaida wa nyumbani, ni shilingi 27,000. Hakuna sola ya maana unayoweza kuinunua kwa fedha hiyo.

Bei ya uniti (kilowati-saa moja) ndiyo inayoua hoja ya sola. Mteja mdogo wa kundi la D1 analipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Ukiongeza VAT na tozo za REA (Wakala wa Nishati Vijijini) na EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), uniti moja inafika shilingi 122, kwa hiyo uniti 75 zote ni shilingi 9,150. Hizo ni kama uniti mbili na nusu kwa siku. Ili sola ikupe kiasi hicho kila siku, utahitaji paneli zinazokaribia kilowati moja, inveta ya kueleweka (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa soketi) na betri ya lithiamu ya kubeba usiku mzima. Bei yake inakwenda kwenye mamilioni. Kwa 9,150 kwa mwezi, milioni moja tu ni LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ya miaka tisa.

Lakini angalia kundi ulilowekwa. Ukizoea kuvuka uniti 75 kwa mwezi, unaweza kuhamishiwa T1, kundi la matumizi ya kawaida, ambako uniti inafika shilingi 356 na elfu kumi inakupa uniti 28 tu. Wengi wanagundua siku wanaponunua LUKU na kukuta uniti zimepungua ghafla, kisha wanalaumu mita. Kama matumizi yako ni madogo na unapata uniti 28 kwa elfu kumi, nenda ofisi ya TANESCO ya wilaya uombe wakuangalizie. Kumbuka pia kwamba kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU, kama nyumba iko kwenye eneo linalotozwa.

Gharama inayoshtua watu ni wayaringi, maana inaizidi ada ya kuunganishwa mara nyingi. Mwenye chumba kimoja au viwili aulizie UMETA, yaani Umeme Tayari, kile kifaa kidogo cha ukutani chenye soketi na sehemu za taa, ambacho hakihitaji kusuka waya nyumba nzima. Kwa nyumba kubwa zaidi tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, na usimruhusu aruke waya wa ardhini (earth), ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Milima yetu ina radi, na fundi anayesema "ardhi tutaweka baadaye" hatarudi.

Kuna jambo moja linalosahaulika kwenye hesabu hizi, nalo ni jikoni. Sufuria ya umeme ya presha inaivisha maharage kwa karibu nusu uniti. Kwa D1 hiyo ni kama shilingi sitini. Linganisha na mkaa unaoteketea kwa sufuria hiyo hiyo ya maharage, hasa Makete au Njombe ambako baridi na mwinuko vinafanya maji yachelewe kuivisha. Pasi, birika, mashine ya kusaga, mashine ya kuchomelea vyuma, vyote ni kazi za gridi. Sola ya nyumbani ya kawaida haiviwezi, na muuzaji anayekwambia inaviweza anataka kukuuzia inveta.

Ubaya wa gridi unaujua: inakatika. Masika yakichanganya, mti unaangukia waya huko Mufindi na kijiji kizima kinalala gizani. Ndiyo maana nasema uweke taa ya sola pembeni. Haihitaji kuwa mtambo. Paneli ya wati kumi au ishirini yenye balbu mbili tatu na tundu la kuchajia simu inatosha. Friji na runinga zikae kwenye kifaa cha kinga, kile mafundi wanachokiita friji gadi, kwa sababu umeme ukirudi huwa hauji kwa upole.

2. Sola yako mwenyewe, ya kununua taslimu

Vijiji vya Tanzania Bara ni 12,318 na miradi ya REA imevifikia karibu vyote. Lakini umeme kufika kijijini si kufika kitongojini. Nguzo zinaweza kuishia shuleni na zahanati, na wewe uko ng'ambo ya bonde. Hapo sola ndiyo ya kwanza, na haina aibu yoyote.

Hesabu ianzie kwenye vyombo, isianzie dukani. Balbu nne za wati saba kwa saa tano ni wati-saa 140. Runinga ya inchi 32 ya wati 40 kwa saa nne ni 160. King'amuzi kinakula kama 50, simu tatu nazo kama 50. Jumla ni wati-saa 400 kwa siku. Gawanya kwa saa za jua kali, kisha ongeza kama theluthi kwa ajili ya upotevu wa njiani.

Saa za jua kali zinategemea unapoishi, na hapa ndipo vifurushi vya madukani vinapowaangusha watu. Pawaga, Idodi na bonde la Usangu hupata jua la kutosha. Hesabu saa tano kwa siku, na paneli ya wati 120 hadi 150 itabeba mzigo huo. Rungwe ni habari nyingine. Tukuyu mvua ni nyingi mno na mawingu yanakaa, kwa hiyo hesabu saa tatu na ununue wati 200. Mufindi ina ukungu wake wa Juni na Julai. Usikubali kipimo cha jirani yako wa Mbarali, kule Usangu, kama unaishi Busokelo, upande wa Rungwe. Mtambo upimwe kwa mwezi mbaya, kwa sababu mwezi mzuri utajitosheleza wenyewe.

Jambo jema ni kwamba baridi haiiumizi paneli. Paneli hufanya kazi vizuri zaidi ikiwa baridi kuliko ikiunguzwa na bati la moto. Betri ndiyo isiyopenda baridi. Ya asidi hupungua nguvu, na ya lithiamu haitakiwi kuchajiwa ikiwa imeganda, kwa hiyo wa Kitulo wasiiweke kwenye kibanda cha nje penye umande unaoganda.

Kuhusu betri, ya asidi ya 12V 100Ah (volti 12, ampea-saa 100) ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi, lakini ukiimaliza chini ya nusu kila siku unaiua. Kwa hiyo unachotumia ni 600. Lithiamu (omba ya chuma-fosfeti, LiFePO4) unaweza kutumia asilimia 80 na zaidi, na inadumu miaka mingi zaidi. Kwa mzigo wetu wa wati-saa 400, ukitaka kuhimili siku mbili za mawingu, lithiamu moja ya 100Ah inatosha. Kwa asidi utahitaji 150Ah. Lithiamu ni ghali siku ya kununua. Mimi bado ningeichagua, maana betri ya asidi utainunua tena wakati wa ada za shule.

Wizi wa madukani, iwe Mwanjelwa au Makambako, uko kwenye namba za stika. Paneli ya kisasa inatoa kama wati 200 kwa kila mita moja ya mraba. Chukua futi, pima urefu na upana kwa mita, zidisha, kisha zidisha kwa 200. Paneli iliyoandikwa 300W ambayo unaibeba kwapani peke yako haiwezi kuwa 300W, hata stika ikipigiwa kiapo. Betri ya lithiamu ya 12V 100Ah ya kweli ina uzito wa kilo kumi hivi. Ikinyanyuka kama boksi la biskuti, ndani mna seli chache na hewa. Kisha mwombe muuzaji aitoe paneli juani na kuipima kwa mita: ya wati 100 ya mfumo wa 12V isome kama volti 21 au 22 ikiwa haijaunganishwa na kitu, na ampea tano hadi sita kwenye jua la mchana. Muuzaji mzuri hakasiriki. Waranti iandikwe kwenye risiti pamoja na namba ya kifaa, isibaki kwenye maneno ya "ndugu yangu, ikisumbua njoo".

Paneli ielekee kaskazini, kwani kwa sehemu kubwa ya mwaka jua letu linapita upande huo, nayo ilale kwa nyuzi kumi hadi kumi na tano ili mvua iioshe. Na iwe mbali na vivuli. Huko Rungwe nyumba zimezungukwa na migomba na miparachichi, na watu hawaamini kwamba jani moja la mgomba linalofunika kona ya paneli linaweza kukata sehemu kubwa ya umeme wake. Kata jani, au hamisha paneli. Waya kutoka kwenye paneli hadi betri uwe mnene na mfupi; kwenye 12V, waya mwembamba wa mita ishirini unakula umeme kabla haujafika.

Kama una dalili kwamba TANESCO itafika siku moja, suka nyumba kwa waya na soketi za kawaida za 230V, kisha ulishe kwa inveta. Gridi ikija, unaweka swichi ya kubadilisha chanzo na nyumba haiguswi. Hiyo swichi ni ya lazima, maana inveta ikirudisha umeme kwenye waya wa nje inaweza kumuua fundi aliye juu ya nguzo.

Na swali la "nisubiri au ninunue?" Nguzo zikiwa zimesimama na waya umevutwa, subiri. Zikiwa zimelazwa kando ya barabara, au wamepita tu wapimaji na vigingi vyao, nunua sola ya taa na runinga sasa. Haitapotea, itageuka kuwa ile ya pembeni niliyoitaja.

3. Mtambo wa umeme wa maji wa jirani

Hili linawahusu wachache, lakini ukiwa mmoja wao una bahati. Mufindi kuna Mwenga, mtambo wa megawati 4 uliowashwa 2012, unaohudumia viwanda vya chai na vijiji vinavyouzunguka na kuuza ziada TANESCO. Ludewa nako, Mawengi ina wake. Ukiwa ndani ya mtandao wa namna hiyo, uchukulie kama chaguo la kwanza: jiunge, kisha uulize bei yao ya uniti, maana si lazima ifanane na ya TANESCO.

4. Sola ya kulipia kidogo kidogo

Unaweka kianzio, unalipa kila siku au kila wiki kwa simu, na usipolipa mtambo unajifunga. Kwa asiye na fedha ya mkupuo ni mlango halali, na mtoto anasoma bila koroboi. Lakini fanya hesabu kabla ya kusaini: zidisha malipo ya siku kwa siku zote, ongeza kianzio, kisha linganisha na bei ya taslimu ya kifaa kilekile. Tofauti hiyo ndiyo riba, hata kama hakuna aliyeiita riba.

Uliza pia kama runinga yao ni ya 12V inayokubali kebo yao tu, kama kuna fundi wao wilayani au anatoka Mbeya mjini, na kama ukimaliza deni mtambo unafunguka moja kwa moja. Kwa mkulima, muhimu zaidi ni kama malipo yanaweza kufuata mavuno. Viazi na mahindi havilipi kila Jumatatu, na mkataba usiojua hilo utakuzimia taa kati ya Januari na Machi, wakati giza na mvua vimekaza.

5. Paneli ya mnadani na betri ya gari

Paneli isiyo na jina, betri ya N70 iliyotolewa kwenye pikapu, hakuna chaji kontrola (kifaa kinachozuia betri kujazwa kupita kiasi), waya umefungwa kwa plasta nyeusi. Betri ya gari imetengenezwa kuwasha injini kwa sekunde chache, haikuumbwa kutoa umeme polepole usiku kucha, ndiyo maana inakufa baada ya miezi. Bila kontrola, paneli inaichemsha mchana. Ukilazimika kuanza na kitu kidogo, heri ununue taa ya sola ya mkononi iliyothibitishwa na VeraSol, mpango wa kimataifa wa kupima ubora wa vifaa vya sola, kisha uweke akiba kwa ajili ya lithiamu. Na kama betri ya N70 tayari unayo ndani, anza kwa kununua kontrola, uitoe betri chumba cha kulala, na uijaze maji ya betri badala ya maji ya bomba.