Sed kwa orodha za korosho: tathmini kutoka Mtwara

Kwa anayetunza orodha za wakulima wa korosho hapa Mtwara, ambamo Tandahimba huandikwa mara "Tandaimba", mara "T/himba", programu ya sed, inayohariri matini kwa amri za kuandikwa na iliyoandikwa na Lee McMahon wa maabara ya utafiti ya Bell Labs katika miaka ya 1970, bado inafaa kuliko kupekua mstari kwa mstari. Amri sed 's/Tandaimba/Tandahimba/g' husahihisha matini yote kwa mkupuo. Herufi g ikiachwa, hubadilishwa neno la kwanza tu linalolingana katika kila mstari. Lenye kusumbua ni jina lenye mkwaju (/), kwa kuwa mkwaju ndio unaotenganisha sehemu za amri, lakini sed hukubali kitenganishi kingine, hivyo s|T/himba|Tandahimba|g hufanya kazi bila taabu. Nukta nayo ni ya kuangaliwa: husimamia alama yoyote moja, kwa hiyo ruwaza (yaani matini inayotafutwa) 1.5 hunasa hata 125, nukta isipotanguliwa na mkwaju wa nyuma (\). Kasoro yake kubwa, kwa maoni yangu, ni ukimya, maana chaguo la -i hubadilisha faili lenyewe bila kuuliza, hivyo napendekeza -i.bak, inayobakiza nakala ya awali. Toleo la GNU, mradi wa programu huria, ni la bure na, likishawekwa, halihitaji intaneti.