Great Tales of Terror and the Supernatural (1944): uzoefu wangu na hili libuku la hadithi za kutisha

Nianze na la muhimu. Kama unapenda hadithi za mizimu na uchawi, na kingereza cha kizamani hakikukatishi tamaa, kitafute hiki kitabu. Kilikusanywa na Herbert A. Wise na Phyllis Fraser, Random House ya New York wakakitoa 1944 vita kuu ya pili bado inapiganwa, hadithi 52, kurasa zaidi ya 1,000. Huyu Phyllis Fraser aliwahi kuigiza sinema Hollywood, baadae akaolewa na Bennett Cerf ambae ni mmoja wa waanzilishi wa hiyo hiyo Random House. Mtu anaweza kudhani kapewa kazi kwa sababu ya mume, ila ukisoma walichochagua unaona kabisa hawa wawili walisoma sana na walikuwa na jicho.

Nakala yangu ni ya mtumba, jalada gumu la kitambaa, lile jaketi la karatasi halipo. Muuzaji aliandika "hali nzuri" lakini gundi ya mgongo imeachia na kurasa za mwanzo ukizigusa vibaya zinachomoka, kwa hiyo ukinunua mtandaoni omba picha ya mgongo wa kitabu sio picha ya jalada tu. Karatasi nyembamba, maandishi madogo, ukisoma usiku weka taa nzuri.

Kimegawanywa sehemu mbili. Ya kwanza ni za kutisha bila mizimu, yaani binadamu na wanyama tu. Humo kuna waandishi wa Marekani Faulkner na Hemingway, kuna ile ya Carl Stephenson ya mwenye shamba kule Brazil anaepambana na jeshi la siafu linalokuja kumla yeye na vibarua wake, hiyo nilisoma bila kuweka kitabu chini. Sehemu hii ni nzuri ila sio iliyonifanya niandike hapa.

Sehemu ya pili ndo yenyewe, na ndani yake mfalme kwangu ni M.R. James. Huyu alikuwa msomi wa maandiko ya kale, mkuu wa King's College kule Chuo Kikuu cha Cambridge halafu wa shule ya Eton, na hadithi zake alikuwa anawasomea marafiki zake wakati wa Krismasi. Kuna moja profesa anaenda likizo pwani ya Uingereza, anaokota filimbi kwenye magofu ya kanisa la zamani, ina maneno ya Kilatini maana yake ni nani huyu anaekuja, na yeye anaipuliza, usiku, chumbani hotelini, upepo unakuja hapo hapo. Sasa mtu aliyekua kwetu anajua huwezi kupiga mluzi usiku, bibi angekufokea kwamba unaita nyoka, unaita vitu usivyovijua, kwa hiyo kabla hata James hajaanza kutisha mi nilishaanza kumuonea huruma yule profesa. Chumba kina vitanda viwili, yeye analala kimoja. Kesho yake mfanyakazi wa hoteli anamwambia mashuka ya kile kitanda kingine yamevurugwa kama kuna mtu kagaragara humo usiku kucha. Basi. Hakuna damu hakuna kelele, kitanda tu, na bado nilisita kuzima taa.

Nyingine yake inaitwa Casting the Runes. Kuna mtu anaitwa Karswell, mwenye kinyongo, anamroga aliyemuudhi kwa kipande cha karatasi chenye maandishi, na masharti yake ni kwamba lazima ukipokee mwenyewe kwa mkono wako, na ukigundua mapema unaweza kumrudishia ila na yeye lazima apokee mwenyewe. Jamani, si ndo kutupiwa huku huku kwetu? Masharti, muda, kurudisha kwa aliyetuma, kila kitu kipo, na aliyeandika ni mzungu wa Cambridge anaeongelea treni na maktaba ya British Museum. Ndo nikaelewa kwa nini anatisha hivi, uchawi wake una utaratibu, una sababu, una mtu na kinyongo chake.

Na hapa ndo nina langu la moyoni, maana humu ndani kuna hadithi mbili za uchawi wa Afrika. Ya H.G. Wells ni ya muingereza Pollock huko bara la Sierra Leone, anagombana na mtu wa Porroh (Poro ni chama cha siri cha kweli cha Wamende na jirani zao), anamlipa mtu amuue, analetewa kichwa, na kile kichwa kinamfuata mpaka Uingereza. Hii naiheshimu. Wells kamfanya Pollock awe na hatia, na huwezi kujua kama kinachomtesa ni uganga au ni damu aliyoimwaga. Ila yule mganga mwenyewe hatumjui, hasemi lolote la maana, kafanywa kivuli tu.

Ya pili ni Lukundoo ya Edward Lucas White, mwalimu wa Baltimore, ilitoka kwenye gazeti la Weird Tales 1925. Mvumbuzi mzungu yuko porini upande wa Kongo, mwilini anaota majipu na kila jipu linatoa kichwa kidogo cha mtu mweusi, kinaongea, na yeye anavikata kwa wembe. Inatisha kweli, ile sehemu rafiki zake wako nje ya hema wanasikia sauti mbili ndani na mgonjwa yuko peke yake ilinisisimua mwili. Lakini Afrika humo ni giza tupu, hakuna mtu. White mwenyewe alisema hadithi ilimjia ndotoni na kwamba asingeiota kama asingekuwa ameshasoma ile ya Wells. Yaani hofu ya kwetu imetoka kitabu kwenda kitabu bila kupita kwa mwenyeji hata mmoja, na inaonekana.

Linganisha na Isak Dinesen, ndo Karen Blixen yule mdenishi aliyekuwa na shamba la kahawa Ngong karibu na Nairobi mpaka 1931. Angeweza kuandika mambo ya Ngong, ila hadithi yake humu ni ya huko kwao kaskazini, kijana baharia anamuokoa ndege aliyenasa kwenye kamba za meli, ndege anamdonoa kidole mpaka damu na kijana anampiga kichwani, na ile deni yote, wema na kile kipigo, inakuja kulipwa baadae. Fupi, tamu, anaandika vitu alivyovijua tangu utotoni. Ni kati ya hadithi tatu nilizozirudia.

Lovecraft, mwandishi mwingine wa Marekani, ana hadithi mbili, zinatisha taratibu kisha zinakuelemea, ila ujue kwenye The Rats in the Walls paka kapewa jina la tusi la watu weusi. Ilinikera na bado inanikera.

Kama unaanza, usifuate mpangilio. Anza na The Open Window ya Saki, kurasa chache tu, halafu The Monkey's Paw ya W.W. Jacobs, kiganja cha nyani kinachotimiza maombi matatu, sisemi zaidi. Kisha James. Bulwer-Lytton muache mwisho, sentensi zake ni ndefu mno. Ukikosa kitabu, nyingi za zamani kama hizo za James na Jacobs zipo bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg, unashusha kwenye simu tu.

Mi nakipa nyota nne na nusu, hiyo nusu imeondoka na Lukundoo na yule paka. Na kama kuna mtu ana mkusanyiko wa hadithi za majini za Pwani ulioandikwa na wenyewe na una unene hata nusu ya hili, aniambie anauza shilingi ngapi, nauchukua.