Uzoefu wangu: siku nzima kwenye makumbusho ya ndege za kivita Gatow, Berlin

Mdogo wangu anasomea ufundi wa ndege. Alipokuja kunitembelea Berlin mwezi uliopita nilishampangia Lango la Brandenburg na mabaki ya ukuta, akanikatiza: "Kaka, mimi nionyeshe ndege." Tukapanda basi la kwenda Kladow, pembezoni kabisa mwa jiji, tukamalizia kwa miguu hadi Gatow. Kiingilio hakuna. Jumatatu hufungwa, msijisumbue siku hiyo.

Nilichopenda kwanza ni mahali penyewe. Huu ulikuwa uwanja wa ndege kweli, uliofunguliwa 1935 kwa ajili ya kufundishia marubani na maofisa wa jeshi la anga la Hitler. Baada ya vita ukawa wa Waingereza, na Wasovieti walipoziba njia za nchi kavu mwaka 1948, ndege zilitua hapa usiku na mchana kuwaletea chakula na makaa ya mawe watu wa Berlin Magharibi. Waingereza waliondoka 1994. Kwa hiyo unaposimama mbele ya mabanda yale, umesimama walipopita vijana wa zama tatu tofauti, wote na sare.

Richthofen mnamjua, rubani Mjerumani wa ndege nyekundu wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Aliangusha ndege 80, naye akauawa Aprili 1918 akiwa na miaka 25. Watu wengi hujazana kwenye habari zake. Mimi nilikwama kwenye Me 163, ndege ya roketi ya Wajerumani ya mwisho wa Vita vya Pili. Ni fupi, nene, kama samaki aliyekatwa mkia. Ikiruka iliacha magurudumu yake chini, ikitua iliburuza tumbo kwenye nyasi. Mafuta yake yaliisha kwa dakika zisizofika kumi, na moja ya kemikali zake ilikuwa kali kiasi cha kula nyama ya mtu ikimmwagikia. Rubani alikaa matangi ya kemikali hiyo yakiwa kushoto na kulia kwake. Mdogo wangu alichungulia pale pa kukaa, akanyamaza muda mrefu, kisha akasema tu, "Huyu walimtuma akafe."

Halafu kuna Starfighter, ndege ya kivita ya jeti iliyobuniwa Marekani. Jamani, hii iangalieni kwa utulivu. Ujerumani Magharibi ilichukua 916, ikapoteza karibu 300, na zaidi ya marubani 100 wakafa, wakati hakuna vita. Bawa lake ni fupi na jembamba mno; ukingo wa mbele ni mkali hata mafundi walikuwa wanauvisha kinga ndege ikiwa chini, usimkate mtu. Erich Hartmann, rubani wa Vita vya Pili aliyehesabiwa kuangusha ndege 352 na kukaa kifungoni kwa Wasovieti miaka kumi, aliwaonya wakubwa kwamba ndege hii haijawa tayari kwa vijana wale. Hawakumsikiliza. Aliyepunguza vifo ni Johannes Steinhoff, mkuu wa jeshi la anga kuanzia 1966, mtu ambaye uso wake uliungua Aprili 1945 ndege yake ya jeti ilipoanguka ikipaa. Namheshimu sana kwa hilo. Aliyeonja moto ndiye aliyehangaikia wengine wasiungue.

Kwa sisi wa kusini mwa Tanzania kuna habari nyingine, na ni vizuri kwenda nayo kichwani. Novemba 1917 meli ya angani ya Zeppelin, L 59, iliondoka Jamboli huko Bulgaria na tani kama 15 za risasi, dawa na vifaa kumpelekea Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani huku Afrika Mashariki. Haikukusudiwa kurudi, kitambaa chake kingeshonwa mahema na nguo. Ilifika Sudan, ikaamriwa igeuze. Saa 95 hewani, kilomita 6,757, bila kutua. Wakati huo huku kwetu wapagazi walikuwa wanakufa njiani kwa maelfu, kwa njaa na maradhi, wakibeba mizigo ya pande zote mbili. Nilimweleza mdogo wangu haya tukiwa nje, katikati ya zile MiG, ndege za kivita za Kisovieti, za Ujerumani Mashariki. Hakuwahi kusikia, na amezaliwa Masasi.

Ushauri wangu: tengeni saa nne, si mbili. Anzeni ndani ya mabanda, nje iwe mwisho, na vaeni koti hata kama mjini kuna jua, maana uwanja ni wazi na upepo hauna kizuizi. Maelezo ni ya Kijerumani na Kiingereza, kwa hiyo ukiwa na wazee au watoto, wewe ndiye mkalimani. Sisi tulitoka wakati wa kufunga, na mdogo wangu alikuwa bado amerudi mara ya tatu kwenye lile bawa la Starfighter, amenyoosha mkono kulipima.