Nyota tatu kwa waliokuja kupima afya ya mtaa wetu, Tandale

Watu wanaandika maoni ya hoteli, ya mabasi ya mikoani, hata ya chipsi. Sijaona aliyeandika ya wale vijana wanaobisha hodi na vishikwambi kukuuliza mnalala wangapi chumbani na choo chenu kina mfuniko au hakina. Na mteja wao mkubwa ni mimi. Nyumba yangu iko Tandale, si mbali na Mto Ng'ombe, vyumba nane, choo kimoja, na sijui kuna nini pale kinachowavuta watafiti, maana hodi zao zimezidi za wadai marejesho.

Safari hii lilikuja shirika, jina nalihifadhi. Walisema wanaandaa wasifu wa afya wa mtaa: tuko wangapi, tunaishi vipi, tunaumwa nini, tunatibiwa wapi. Walianzia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, wakapewa mjumbe wa kuwatembeza, hapo sina neno. Wiki mbili wakawa wanazunguka vichochoroni. Kwangu aliingia binti wa miaka ishirini na kitu, viatu vimejaa tope.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

Nikampa kigoda, mimi nikaendelea kuchambua mchele. Mahojiano yalichukua dakika hamsini na ushee. Shukrani yao: nusu mche wa sabuni.

Swali la kwanza tu, tukakwama. "Mama, nyumba hii ina kaya ngapi?" Kaya tunaijua, tulifundishwa vizuri wakati wa Sensa: ni watu wanaokaa pamoja na kula pamoja, chungu kimoja. Haya, nikampeleka chumba namba tano. Wamepanga vijana wanne. Wawili bodaboda, mmoja mlinzi wa usiku, wa nne anabeba magunia sokoni. Kitanda kimoja na godoro moja la chini. Mlinzi akirudi alfajiri, mbeba magunia ndiyo anaamka, kwa hiyo godoro halipoi. Chungu hakuna. Kila mmoja ana mama lishe wake na daftari lake la madeni. Sasa hiyo ni kaya moja au nne?

Binti hakubahatisha. Alimpigia msimamizi wake, wakabishana kidogo, akaambiwa aandike nne. Nilimpenda kwa hilo. Tatizo ni kwamba kaya nne zinataka wakuu wa kaya wanne wa kuhojiwa, na ilikuwa saa nne asubuhi siku ya Jumanne. Watatu wako kazini, wa nne, yaani mlinzi, amelala fofofo na mimi sikuthubutu kumgongea. Binti akarudi kesho yake, saa nne ileile. Akarudi mara ya tatu, saa nne. Nikamuuliza kwa nini asije jioni, akasema gari la ofisi linawachukua saa tisa na nusu. Basi vijana wangu wanne wakaandikwa "hayupo" mara nne.

Mwaka 2012 Dar es Salaam ilihesabiwa watu 4,364,541. Mwaka 2022 ikawa 5,383,728. Milioni nzima na zaidi ndani ya miaka kumi, na mimi nikisikia takwimu hizo nakiona chumba namba tano. Sensa iliuliza nani alilala hapa usiku wa kuamkia Agosti 23, na siku yenyewe ikafanywa ya mapumziko, ndiyo maana wapangaji wangu wa wakati ule walipatikana wote. Wasifu wa afya wa mji huu ukikusanywa kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa, utawapata kina mama, watoto, wagonjwa na wastaafu. Wenye vumbi la barabarani kifuani hutawaona.

Yakafuata maswali ya mali. Sakafu ya nini, paa la nini, una redio, una baiskeli, una friji. Friji ninalo, nikasema ndiyo, akaweka alama. Baadaye nikamfungulia mlango wake: ndani mna unga, sukari na madaftari ya shule ya wajukuu. Halijachomekwa tangu tulipoanza kugombana na wapangaji juu ya LUKU, maana mita ni moja na kila mtu anadai anayemaliza umeme ni mwenzake. Panya hawalifungui, kwa hiyo ni kabati zuri sana. Kwenye fomu mimi ni mtu mwenye friji. La kupikia hali kadhalika: "chagua moja." Nina mtungi mdogo wa gesi kwa chai na mboga, maharage na makande ni ya mkaa, na mwisho wa mwezi gesi ikiisha vyote ni vya mkaa. Binti akaniangalia, nikamwangalia. Akabonyeza gesi. Halafu mtu atatueleza kwamba tunakohoa na hali jiko ni safi.

Sasa choo, na hapa ndipo ninapokata nyota moja nzima.

Walikihesabu. Walikiingia, wakakipiga picha, wakauliza kinatumiwa na watu wangapi. Ishirini na saba, nikajibu. Kina mlango? Kina. Kina bati? Kina. Kina sehemu ya kunawa? Kuna ndoo yenye koki. Vizuri, wakafunga ukurasa. Hakuna aliyeuliza ufunguo uko wapi.

Choo cha uani kwetu kina kufuli, usipokifunga kitakuwa cha wapita njia wote. Funguo ni tatu kwa vyumba nane. Mmoja uko kwangu, wa pili unaning'inia msumarini mlangoni mwa chumba namba moja, wa tatu umepotea na haujachongwa mwingine. Saa nne usiku nafunga mlango wangu nalala. Mwenye chumba namba moja naye ni fundi cherehani, akifunga amefunga. Kuanzia hapo hadi alfajiri, binti wa chumba namba saba na mama yake wana kopo. Mtoto akiharisha usiku wa manane, ni kopo au mfuko. Asubuhi unamwagwa wapi, mimi naona lakini sijasema. Ukisoma wasifu wao, nyumba yangu ina choo. Na kweli ina choo, mchana.

Na lipo swali moja nililodanganya, niseme tu. "Mara ya mwisho choo kilipojaa mlifanyaje?" Nikajibu tuliita gari la majitaka. Gari gani linaingia uchochoro wangu? Bajaji yenyewe inaishia kwa muuza mkaa. Ukweli ni kwamba kuna watapishaji, wanakuja usiku, wanachimba shimo pembeni na kuhamishia humo. Na kuna ile njia nyingine ambayo kila mtu wa bondeni anaijua: unasubiri mvua kubwa, unatoboa ukuta wa shimo, maji yanabeba. Masika ya mwaka juzi nilitapisha hivyo. Jirani wa chini naye alifanya hivyo, wa chini yake vilevile. Kipindupindu cha Agosti 2015 kilianzia hapahapa Kinondoni kabla hakijasambaa nchini, na tuliokuwepo tunajua maji ya mtaro yanabeba nini. Lakini unaulizwa na mtoto wa watu, mjumbe amesimama mlangoni, na faini unaijua. Utasema gari. Nimewauliza majirani kumi hivi walijibu nini, wote waliita gari. Kama takwimu zao ni za kweli, mtaa wetu una magari ya majitaka mengi kuliko daladala.

Wangefanyaje? Wangeuliza bila mjumbe kusimama pale. Au wangeacha kuniuliza mimi nilifanya nini, wakauliza "watu wa hapa hufanyaje choo kikijaa masika?" Hapo ungesikia habari, na kila mtu angemtaja jirani.

Kwa upande wa magonjwa walijitahidi, ila chandarua kiliwatawala. Ulilala ndani ya chandarua jana? Kina dawa? Kimechanika? Maswali matano ya chandarua. Sikatai, malaria ipo. Lakini Dar hii imepigwa na dengue 2014, ikapigwa tena 2019, na mbu wa dengue anauma mchana, wakati mimi niko uani nachambua mchele, chandarua kimekunjwa juu ya kitanda. Mbu huyo anazaliana kwenye maji safi yaliyotulia, na kwangu kuna madumu na ndoo zaidi ya thelathini, kwa sababu bomba linatoka kwa zamu na kila mpangaji anajiwekea akiba. Binti aliyaruka madumu hayo akiingia na akayaruka tena akitoka. Fomu haikumwambia ayaangalie.

Nyota zangu tatu zimetoka wapi basi? Moja ni ya heshima, wale vijana wamelelewa. Ya pili na nusu ya tatu ni ya mashine ya presha.

Kishikwambi kinachagua chenyewe mtu mzima mmoja kwenye kila kaya wa kupimwa. Kwangu kilinichagua mimi. Binti akanitaka niache mchele, nikae na kuegemea, nisikunje mguu, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo, nitulie dakika tano bila kuongea. Dakika tano bila kuongea, mimi! Wapangaji wakaja kuchungulia wakidhani nimepokea simu ya msiba. Akapima: 168 kwa 102. Hakusema kitu. Akasubiri, akapima tena: 164 kwa 100. Akanieleza taratibu kwamba ikifika 140 kwa 90 na kubaki huko si ya kupuuza, akaniandikia karatasi niende kituo cha afya wiki hiyohiyo. Mimi kichwa cha asubuhi nilikuwa nakisingizia moshi. Nilienda, nikapimwa tena siku tofauti, sasa nina vidonge vyangu kwenye friji, pamoja na unga.

Nusu iliyokatwa kwenye nyota hiyo ni kwa sababu ya mama wa chumba namba mbili. Miguu inamvimba, anapumua kama amepanda ngazi. Kishikwambi kilimchagua mumewe, aliyeko Mbagala kwenye ujenzi. Mama amekaa mbele ya mashine, mashine ipo, betri ipo, lakini si jina lake lililotoka. Binti aliangalia nyuma, akaona msimamizi hayupo, akampima nje ya fomu. Alimkuta na presha kunizidi. Namba ile haimo kwenye ripoti yao yoyote. Imo kichwani mwa yule mama.

Nusu ya mwisho ni kwa kurudi. Wengi wanaochukua majibu yetu hatuwaoni tena. Hawa baada ya miezi minne waliitisha mkutano ofisi ya serikali ya mtaa, wakabandika makaratasi ukutani, wakasoma kwa Kiswahili kinachoeleweka. Wakasema wakazi wengi wa mtaa huu ni wanawake na watoto. Kijana mmoja aliyesimama nyuma na kofia yake ya pikipiki mkononi akauliza, "Sasa sisi tunaolala hapa ni nani?" Watu wakacheka. Mkuu wa msafara hakucheka, aliandika. Baadaye akanifuata kuniuliza habari za chumba namba tano, nikamweleza na ya ufunguo. La mvua sikumweleza.

Kuna waliowahi kutufanyia vizuri zaidi? Kuna Ramani Huria. Kazi yao ilikuwa ya ramani, si ya afya, lakini wale wanafunzi wa vyuo walitembea na wenyeji, wakachora mitaro na vichochoro, wakauliza maji hujaa wapi. Ukiwa na mtu aliyekuwepo mafuriko ya Desemba 2011, hakuoneshi fomu, anakuonesha alama ukutani kwake. Na sasa kuna hawa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, mpango uliozinduliwa Januari 31, 2024 kwa lengo la kupata wahudumu 137,294 nchi nzima ndani ya miaka mitano. Mhudumu anayeishi mtaani humu huwezi kumdanganya habari za gari la majitaka. Masika hii yeye mwenyewe alikuwa anaruka madimbwi yaleyale. Shirika likija tena, limpe yeye kile kishikwambi, au angalau litembee naye.

Kwa hiyo nyota tatu. Ukibishiwa hodi nao, wakaribishe, kipimo cha presha peke yake kinalipa zile dakika hamsini, na sabuni usiitegemee. Nao kama wanasoma hapa, waje Jumapili baada ya saa kumi na mbili jioni. Chumba namba tano wanakuwepo wote, isipokuwa mlinzi, huyo wamvizie uani saa kumi na moja kabla hajatoka. Ufunguo mpya wa choo nimechonga, uko msumarini.