Uzoefu wangu: Walifunga njia ya barua pepe za tovuti yetu, kisha wakasema wasomaji ndio hawataki

Nimekuwa mteja wa kampuni moja inayopangisha nafasi za tovuti kwa miaka kadhaa, na kwa sehemu kubwa ya muda huo sikuwa na la kusema juu yao, si zuri wala baya. Tovuti ilikuwa ikifunguka, ankara ikija nalipa. Ninayoyaandika hapa yanahusu kipindi kimoja tu, baina ya kumalizika masika na kuingia vuli, na zaidi yanahusu simu moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka damu hunichemka.

Tovuti yenyewe ni ya watu wa Wete na vijiji vya jirani. Tunaandika habari za skuli, za karafuu, za meli, za ndoa na za misiba. Wengi wa waliojiandikisha kupokea makala kwa barua pepe wako mbali na Pemba: Unguja, Dar es Salaam, Mombasa, Maskati, Uingereza. Makundi ya WhatsApp tunayo, lakini humo tangazo la asubuhi likifika magharibi limeshafukiwa na mengine mia, ilhali barua pepe hukaa mahali pake ikamngoja mwenyewe.

Tunatumia WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, na kazi ya kuwapelekea wasomaji makala mpya hufanywa na plagini ya Jetpack, yaani programu ndogo inayoongezwa juu yake. Hili naomba lieleweke vizuri, kwa kuwa ndilo kiini cha ugomvi wangu: plagini hiyo haitumi barua za waliojiandikisha kutoka kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, ya kampuni iliyokupangisha. Makala inapochapishwa, taarifa huenda kwenye seva za WordPress.com, na hizo ndizo zinazowaandikia wasomaji. Ili mawasiliano yaende na kurudi, seva hizo hutegemea kulifikia faili moja lililomo ndani ya kila tovuti ya WordPress, liitwalo xmlrpc.php, ambalo tangu toleo la 3.5 la mwaka 2012 huwa limewashwa lenyewe. Likizibwa, dashibodi utaifungua, makala utaziona mtandaoni kama kawaida, na barua hazitamfikia mtu.

Hivyo ndivyo ilivyotutokea. Nilipata habari kwa njia mbaya. Kijana wetu mmoja wa Maskati alinipigia simu akiwa na uchungu, kwani mzee aliyemsomesha chuoni alikuwa amefariki, tangazo la maziko na la khitma tuliliweka mapema, naye alikuja kusikia khitma imeshasomwa. Alidhani tumemtoa katika orodha. Nikawauliza wengine, mmoja mmoja, na hakuna aliyekuwa amepata kitu, hata katika folda ya taka.

Nilianza kutafuta tatizo lilipo. Jaribio la kwanza ni jepesi na kila mwenye tovuti ya namna hii anaweza kulifanya: fungua anwani ya tovuti yako huku umeongeza /xmlrpc.php mwishoni. Tovuti yenye afya hujibu kwa sentensi moja fupi ya Kiingereza, ikieleza kwamba inapokea maombi ya aina ya POST pekee, yaani yale ya kuipelekea data. Yetu ilijibu kwa namba ya kosa 403. Faili lingekuwa halipo, jibu lingekuwa 404. Hiyo 403 maana yake ni kwamba seva imekuelewa unachotaka na imekukatalia. Nikazima plagini nyingine zote, nikarudisha mandhari ya kawaida, nikalisoma faili la .htaccess, ambamo huwekwa amri za seva kwa tovuti yako, mstari kwa mstari, na humo hapakuwa na amri yoyote ya kuzuia. Kwa hiyo katazo halikuwa ndani ya tovuti yetu, lilikuwa kwenye fayawoli yao, yaani kinga ya kuzuia wavamizi, na lilikuwa limewekwa bila ya kutuambia neno.

Nikawapigia, na simu ikapokewa na kijana wa huduma kwa wateja. Nilimweleza kwa utaratibu, nikamtajia faili na namba ya kosa. Jawabu lake la kwanza lilikuwa, "Mzee, plagini za bure ndivyo zilivyo." La pili lilikuwa ninunue kifurushi chao cha barua pepe na niweke rekodi za SPF na DKIM, ambazo huthibitisha mtumaji wa barua, kwa sababu Google siku hizi wamekuwa wakali. Ni kweli kwamba kuanzia Februari 2024 Google na Yahoo wanawataka watumaji wathibitishe utambulisho wao, na wanaopeleka barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenye Gmail wamewekewa masharti mazito zaidi. Lakini barua zetu hazikuwa zimekataliwa na Gmail. Hazikuwa zimetumwa kabisa, na hata zingetumwa zisingepita kwenye seva yao. Nikamwomba aifungue ile anwani hapo hapo alipo, aione 403 kwa macho yake.

Hakuifungua. Alicheka kidogo, kisha akasema: "Mzee wangu, labda watu wenyewe hawataki kuzisoma hizo habari za vijijini. Watu hujitoa, ni kawaida." Akaongeza kwamba ana wateja wengine wanaomsubiri, akakata simu.

Sijui alijiona anaongea na nani. Mtu amekosa maziko ya aliyemfundisha alifu na be, na aliyezuia tangazo lisimfikie anatuambia kwamba hatukuwa na wasomaji. Kutojua kazi naweza kukuvumilia, kwa kuwa mtu hufundishwa akajua. Kumdharau mteja ambaye ameshakuonesha tatizo lilipo, ukakataa hata kubofya mara moja, sikuvumilii.

Nisiwadhulumu, kwani faili lile lina historia mbaya. Mwaka 2014 tovuti za WordPress zaidi ya 162,000 zilitumiwa kupitia njia hiyo kuishambulia tovuti moja, na mwaka uliofuata wavamizi wakagundua namna ya kubahatisha mamia ya nywila katika ombi moja. Mwenye seva anayo haki ya kuogopa. Hata hivyo Automattic, wenye Jetpack na WordPress.com, wametangaza hadharani safu za anwani za IP, yaani namba za kutambulisha kompyuta mtandaoni, ambazo seva zao hutumia, ili wenye seva waziruhusu hizo na wawazuie wengine. Mlango haukuwa na haja ya kuzibwa kwa tofali.

Hayo ndiyo aliyoyafanya bibi mmoja fundi wao, baada ya mimi kufungua tiketi, yaani ombi la msaada, kwa maandishi. Aliandika, "Assalamu alaykum mzee wangu, nimejaribu na mimi nimepata 403, katazo ni la kwetu, tunakuomba radhi." Jioni ile ile aliziruhusu zile anwani, akanitaka nijaribu tena, na makala iliyofuata ikawafikia watu mpaka Uingereza. Makala zilizochapishwa wakati njia imefungwa hazikutumwa tena, hata nilipozihariri, kwa hiyo ilinibidi niandike makala nyingine ya kuzikusanya. Hata hivyo nilifurahi mno, na lau ningeliandika maoni haya wiki ile ningeliwapa nyota zote kwa ajili yake peke yake.

Kisha wakasasisha seva zao, na 403 ikarudi. Hapakuwa na ilani wala ujumbe. Nilipopiga simu ilipokewa na sauti ile ile, nayo ikaanza tena na habari ya plagini za bure.

Basi nashauri hivi: ukitaka kupanga nafasi popote, kabla hujalipa waulize kwa maandishi kama xmlrpc.php imezuiwa kwenye seva zao, na kama wataziruhusu anwani za Automattic moja kwa moja hata baada ya masasisho. Asiyeweza kujibu hilo usimpe pesa. Nakala ya tovuti yetu nimeshaichukua yote, na mkataba utakapokwisha sitaulipia tena, japokuwa yule bibi bado yuko pale na kuondoka kwa sababu ya mwenzake kunaniuma.