Hojaji ya HSE ya kumpima msimamizi: ni ya bure na ni nzuri, ila usiisome kwa asilimia tu

Hojaji nyingi za uongozi humuuliza meneja yeye ni mtu wa aina gani. Hii ya HSE, mamlaka ya Uingereza ya afya na usalama kazini, inauliza anafanya nini kinachozuia au kuzidisha msongo wa mawazo kwa walio chini yake. Ina vipengele 66, inapakuliwa bila malipo, na kila kipengele kinataja jambo ambalo mfanyakazi anaweza kuliona kwa macho: je, meneja hupaniki tarehe ya mwisho ikikaribia? Huwasema watu nyuma ya migongo yao? Huuliza "hujambo" mara kwa mara?

Sura hiyo inatokana na fani ya walioitunga. Joanna Yarker, Emma Donaldson-Feilder, Rachel Lewis na Paul Flaxman ni wanasaikolojia wa kazi, si madaktari wa magonjwa ya akili. Ndiyo maana humu hakuna dalili za ugonjwa hata moja. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2007, waliwataka wafanyakazi na mameneja wasimulie matukio halisi: kazi ilipobana, msimamizi alifanya nini? Majibu yakazaa makundi 19 ya tabia, kisha yakachujwa hadi 4: heshima na uadilifu, kupanga kazi na kuieleza, kutatua hali ngumu, na kumjali mtu mmoja mmoja ndani ya timu. Kila kundi lina vijisehemu 3.

Alama ni 1 hadi 5. Vipengele vya tabia mbaya huhesabiwa kinyume, na hapo ndipo wengi wanaohamishia hojaji kwenye programu ya majedwali huharibu: wakisahau kugeuza, meneja mkali anatoka malaika. Jumlisha alama za kundi, gawanya kwa alama za juu kabisa zinazowezekana, zidisha kwa 100. Asilimia 75 kushuka chini ina maana pana kazi ya kufanya, 76 hadi 89 inaridhisha, 90 na zaidi ni vizuri sana.

Hesabu hiyo ina mtego. Kwa kuwa alama ya chini ni 1, hakuna anayeweza kupata chini ya asilimia 20. Mfanyakazi asiyetaka matata akampa bosi wake 4 kila mahali, baada ya kugeuza, bosi anapata 80: "anaridhisha". Katika ofisi zetu, ambako kumkosoa mkubwa kwa maandishi kunaogopwa, 80 iliyotandazwa sawasawa inaweza kuwa ni woga mtupu. Acheni wastani, tazameni kipengele kimoja kimoja. Palipo na 2 katikati ya msitu wa 4, hapo pana jambo.

Ipo namna ya kujipima mwenyewe na ipo ya kupimwa na walio chini yako. Ya kwanza peke yake haina nguvu, maana anayepaniki mara nyingi hajijui. Ya pili isigawiwe kwa timu ya watu wawili. Majibu yatajulikana ni ya nani. Na isiunganishwe kamwe na tathmini ya mwaka au nyongeza ya mshahara. Ikishaamua riziki ya mtu, meneja ataanza kuwinda nani kamwandika vibaya, na msongo mliotaka kuupunguza utaongezeka.

Upungufu mkubwa ni kwamba waliohojiwa walikuwa wafanyakazi wa Uingereza, katika sekta kama afya, elimu, fedha na serikali. Kijisehemu cha uchangamfu kinauliza kama meneja huleta vitu vya kula kazini na kama yuko tayari kucheka na watu. Hapo tafsiri ya neno kwa neno haitoshi. Kwa timu ya Mombasa au Mwanza, kuulizia kama alifika msibani au alimjulia hali mgonjwa kungesema mengi zaidi, lakini ukibadilisha kipengele, usilinganishe tena asilimia zako na viwango vya HSE. Kabla ya kuigawa, ijaribuni kwa watu watano au sita, kila mmoja aeleze kwa maneno yake ameelewa nini.