Uzoefu wangu Lubumbashi: chujio la osmosi la hatua nne dhidi ya mwani wa akwariamu ya bahari

Chujio hili haliui mwani, linaukatia chakula. Maji yetu ya Lubumbashi, yawe ya robine (bomba) au ya foraji (kisima kilichochimbwa kwa mashine), huja na chokaa na silikati (madini ya mchanga yaliyoyeyuka), na katika mji uliojengwa juu ya shaba sithubutu kuyamimina moja kwa moja penye konokono na kamba. Shaba kidogo tu huwamaliza, na hao ndio walaji wa mwani.

Hatua zake ni chujio la vumbi la maikroni 5, makaa, membreni (utando unaopitisha maji na kuzuia chumvi) ya galoni 75 kwa siku (kama lita 280), kisha resini (punje zinazonasa chumvi iliyobaki). Robine ikisoma TDS (kipimo cha vitu vilivyoyeyuka majini) 300, membreni nzima itoe 6 hadi 12 na resini imalizie mpaka 0. Hizo lita 280 ni za maji ya nyuzi 25 yenye presha nzuri. Mwezi wa sita na wa saba maji yetu huwa baridi, mavuno yanashuka sana. Kila lita safi hutupa lita tatu au nne; hizo zifulie nguo.

Presha ndiyo inayosumbua kuliko yote. Ikishuka chini ya baa 3, maji safi yanapungua lakini chumvi inaendelea kupenya vilevile, kwa hiyo TDS inapanda na resini inaisha mapema. Nimeongeza pampu ya presha, nami naipendekeza kwa yeyote. Umeme ukikatika, funga robine. Ukirudi, chomoa mpira unaoingia kwenye resini umwage lita mbili tatu za kwanza, maana membreni ikisimama chumvi huvuka polepole hadi upande safi.

Mwenye foraji ana adui mwingine: gesi ya kaboni iliyomo majini hupita membreni bila shida na kula resini. Yaache maji ndani ya pipa wazi siku nzima, pampu ya hewa ikipuliza, ndipo uyachuje.

Maji yanayokauka kwenye akwariamu yajazie kwa maji haya matupu. Chumvi, gramu 35 kwa lita, ni ya maji ya kubadilisha tu, asilimia 10 kila wiki. Siku hiyo sugua mwani wa nyuzi kwa mswaki huku mdomo wa mpira wa kunyonyea ukiwa palepale, la sivyo vipande vinaota kwingine.

Kipimo cha fosfati (chakula cha mwani, kama nitrati) kikisoma 0 na mwani ni mrefu, usifurahi: mwani umeshaimeza. Mawe nayo huachia fosfati ya zamani kwa miezi. Lenga fosfati 0.03 hadi 0.1 na nitrati 2 hadi 10 mg/l. Ukizifuta kabisa zote mbili, unakaribisha dinoflajelati, ute wa kahawia wenye mapovu, mbaya kuliko mwani wenyewe.

Chujio nalipatia alama nne juu ya tano. Pungufu ni resini: vipuri hungoja mizigo ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kwa hiyo nunua pakiti mbili pamoja. Kipima kikionyesha 1 baada ya resini, ibadilishe siku hiyohiyo. Silikati hutoroka mapema kwenye resini na kipima hakiioni vizuri. Utaiona kwa unga wa kahawia juu ya mchanga, yaani mwani unaokula silikati.